Uzi: Tezi za mwilini, zilivyojengwa na zinavyotoa vitu vyake

FundiSeli

Wakuu salaam.

Mtu akitaja tezi kwenye mada yoyote ya afya, wachangiaji hugawanyika papo hapo. Huyu anaongelea uvimbe wa shingoni, yule tezi dume, mwingine mitoki ya kwapani, na kila mmoja anaona mwenzake kapotea njia. Naomba tukae kitako tuitazame tezi yenyewe: imejengwaje, na kile inachokitengeneza kinapita wapi mpaka kinatoka nje ya seli. Msimamo wangu nautaja mapema ili mnibane vizuri: ukitaka kuielewa tezi yoyote, tafuta kwanza mlango wake wa kutokea. Ukishaujua mlango, hata magonjwa yake mengi utayabashiri.

Nashusha kwa vipande. Maswali ruksa.

FundiSeli

Ngozi, kinywa kwa ndani, utumbo, njia za hewa, zote zimefunikwa na tabaka la seli zilizobanana bila kuacha mwanya. Tabaka hilo ndilo epitheliamu. Mimba ikiwa bado changa, seli za sehemu fulani za tabaka hilo huanza kugawanyika na kuzama chini, kwenye tishu unganishi. Tezi karibu zote zimeanzia hapo.

Baada ya kuzama, njia ni mbili. Kile kijia kinachounganisha seli zilizozama na uso wa juu kikibaki na kutoboka katikati, huo ndio mfereji. Tezi hiyo itamwaga mazao yake juu ya ngozi au ndani ya mrija fulani: mate, jasho, machozi, maziwa, nyongo. Kijia kikitoweka, seli zinabaki zimezingirwa pande zote, hazina pa kutokea. Mishipa myembamba ya damu inazizunguka, na zinachotengeneza kinaingia kwenye damu moja kwa moja. Hizo ndizo tezi za homoni.

Thairoidi, ile tezi ya shingoni, inalionyesha jambo hili waziwazi. Huanzia kwenye shina la ulimi karibu na wiki ya 4 ya mimba, ikashuka shingoni huku kijia chake kikiifuata nyuma, na mnamo wiki ya 7 imeshafika mahali pake mbele ya koo. Kijia kinanyauka, kinaacha kishimo kidogo nyuma kabisa ya ulimi. Kwa baadhi ya watu kipande cha kijia hakinyauki. Kinajaa majimaji na kuwa uvimbe katikati ya shingo. Daktari akimwambia mgonjwa atoe ulimi nje, uvimbe unapanda juu, kwa kuwa bado umeshikana na njia yake ya zamani.

Kinyonga7

Nimeweka kambi hapa. Swali la haraka mkuu: kongosho liko kundi lipi? Shuleni tuliambiwa linatoa insulini, halafu tukaambiwa tena linamwaga vimeng'enya kwenye utumbo.

FundiSeli

Makundi yote mawili mkuu, na kongosho lina kipande chake chini huko. Vuta subira tumalize ujenzi.

Tezi ndogo kuliko zote ni seli moja tu, inaitwa gobleti. Zimejipanga kwenye utumbo na njia za hewa katikati ya seli nyingine, kazi yake kutoa ute. Ndani ya seli ute unakaa mkavu, umefungashwa na kubanwa kwenye vifuko vidogo. Kifuko kikifunguka nje, malighafi ile inanyonya maji na kufura mara mamia. Ndiyo maana seli ndogo hivyo zinaweza kulainisha utumbo mzima.

Seli zikiwa nyingi hujipanga kwa namna kuu mbili. Kuna zinazotengeneza kijibomba kirefu, kilichonyooka kama kwenye ukuta wa utumbo mpana au kilichojikunja kama kwenye tezi ya jasho. Na kuna zinazojipanga duara kuzunguka uwazi mdogo katikati, kikatokea kidonge kiitwacho asinasi. Tezi kubwa, kama ile ya mate iliyo mbele ya sikio, ni vidonge hivyo kwa maelfu, vimeshikwa na vijimfereji vinavyoungana kuwa vikubwa zaidi mpaka vikawa mfereji mmoja. Ukiichora inatoka kishada cha zabibu. Tishu unganishi inaigawa sehemu sehemu, na humo ndimo mishipa ya damu na ya fahamu inamopita.

Mfereji mkuu wa tezi hiyo ya mate aliugundua mwanaanatomia Nicolaus Steno mwaka 1660. Mdomo wake unaweza kuupapasa sasa hivi: pitisha ncha ya ulimi ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Utagusa kinundu kidogo. Mate yanatokea hapo.

Darubini

Naongeza upande wa maabara, maana kazi yangu ni kuangalia vipande hivi kila siku.

Ukitia rangi za kawaida, zambarau na waridi, tezi zinajitaja zenyewe. Asinasi inayotoa majimaji yenye vimeng'enya ina kiini cha mviringo, chini ya seli kumekolea zambarau, juu kuelekea kwenye uwazi kumejaa punje za waridi. Ile zambarau ni eneo ambako protini zinaundwa, zile punje ni vimeng'enya vinavyosubiri kutoka. Asinasi ya ute inaonekana nyeupe kama imefutwa, kiini kimesukumwa chini kikawa bapa. Tezi ya mbele ya sikio ni ya kwanza hiyo tupu. Iliyo chini ya ulimi ni ute kwa sehemu kubwa. Ya chini ya taya imechanganya.

Kongosho sasa: unakwenda na asinasi zake zimekolea rangi, ghafla unakutana na kisiwa cha seli zilizopauka, hazina mfereji, vimishipa vya damu kila upande. Paul Langerhans aliviona visiwa hivyo mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, bila kujua kazi yake.

FundiSeli

Darubini umenirahisishia sana, shukrani.

Basi kongosho, kwa ajili ya Kinyonga7. Takribani asilimia 98 ya uzito wake ni asinasi na mifereji. Visiwa ni asilimia 1 hadi 2 tu. Kiungo kimoja, milango miwili.

Tuingie ndani ya seli moja ya asinasi. Asidi amino zinaingia kutoka kwenye damu, upande wa chini. Ribosomu zinaziunganisha kuwa protini, nazo zinasukumwa ndani ya vyumba bapa vya retikulamu. Kutoka hapo zinabebwa na vifuko hadi kwenye Golgi, kituo cha kufungashia ndani ya seli, zinakamilishwa, zinafungashwa, na zinaishia kwenye zile punje za juu. George Palade na wenzake waliifuatilia safari hii kwa kuzipa seli asidi amino zenye mionzi kwa dakika chache tu, kisha kuangalia mionzi iko wapi kila baada ya muda. Mwanzo ilikuwa kwenye retikulamu, ikahamia Golgi, na mwisho ikakutwa ndani ya punje. Palade alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974, na seli alizozichunguza kwenye kazi hii zilikuwa za kongosho.

Punje haitoki hovyo. Inasubiri amri, ya neva au ya homoni. Amri ikifika, kalisi inaongezeka ghafla ndani ya seli, utando wa punje unaungana na utando wa seli, mlango unafunguka upande wa nje tu, yaliyomo yanamwagika. Seli haipotezi kitu kingine. Utando uliozidi inaurudisha ndani.

Hatari iliyopo ni kwamba vimeng'enya hivi vinayeyusha protini, na seli yenyewe ni protini. Kwa hiyo hutengenezwa vikiwa vimefungwa. Kimojawapo, tripsinojeni, kinafunguliwa na kimeng'enya kingine kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo mdogo, yaani baada ya kutoka kabisa kwenye kongosho. Sasa jiwe la nyongo likiziba pale mfereji unapoingilia utumbo, vimeng'enya vinaanza kufunguka ndani kwa ndani na kongosho linaanza kujimeng'enya. Wanaojua maumivu ya ugonjwa huo hawahitaji maelezo yangu. Mlango huo, wakuu.

Kinyonga7

Dah. Na hiyo amri ya homoni, nani aliigundua? Maana mimi nilidhani ni neva ndizo zinaendesha kila kitu.

FundiSeli

Hata wanasayansi wa wakati ule walidhani hivyo. Mwaka 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walichukua kipande cha utumbo wa mbwa wakakata neva zake zote, wakabakiza mishipa ya damu. Wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho likamwaga maji yake kama kawaida. Neva hazipo, kwa hiyo ujumbe ulipita kwenye damu. Wakakwangua utando wa utumbo, wakauchanganya na asidi, wakaudunga kwenye mshipa wa damu: kongosho likamwaga tena. Kitu hicho wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling akaanza kutumia jina homoni.

Kumbuka sekretini haiziamrishi sana asinasi. Inaamrisha seli za mifereji zimwage bikaboneti, ili asidi ya tumboni ipozwe ikifika kwenye utumbo. Mfereji si bomba tu la kupitishia.

MamaPacha

Nasoma kimya kimya lakini hapa kwenye mfereji nimeshtuka. Mimi nilijua kazi ni ya seli za ndani, mfereji unasafirisha tu. Na naomba ufike kwenye jasho na chunusi, nina vijana wawili wa miaka 15 ndani ya nyumba.

FundiSeli

Dada, jasho ndilo linajibu vyote viwili.

Mwili una tezi za jasho la kawaida kati ya milioni 2 na 4. Kila moja ni kijibomba kimoja, sehemu ya chini imejiviringa, sehemu ya juu inapanda hadi juu ya ngozi. Jasho linapotoka kule chini lina chumvi karibu sawa na maji ya damu. Likipanda, seli za mfereji zinanyonya sodiamu na kloraidi na kuzirudisha mwilini, jasho linafika juu likiwa na chumvi kidogo. Ukitoka jasho kwa kasi sana linapita haraka, mfereji hauwahi, ndiyo maana jasho la mbio lina chumvi zaidi kuliko la kukaa kwenye joto dogo. Wapo watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa saistiki faibrosisi: lango la kloraidi kwenye mfereji halifanyi kazi, jasho linatoka na chumvi kali. Kipimo cha ugonjwa huo mpaka leo ni jasho, na kloraidi ya milimoli 60 kwa lita au zaidi inaelekeza huko. Lango hilohilo likiharibika kwenye mapafu na kongosho, ute unakuwa mzito na mifereji inaziba.

Kwapani na sehemu za siri kuna tezi za jasho za aina nyingine, zinamwaga ndani ya kifuko cha unywele na huamka wakati wa kubalehe. Kinachotoka hakina harufu. Bakteria wa ngozini wanakichambua, harufu ni mabaki yao.

Chunusi inatoka kwenye tezi za mafuta. Hizi zina utaratibu wa ajabu: seli inazaliwa pembeni mwa tezi, inajaza mafuta, inasukumwa katikati na zilizozaliwa nyuma yake, kisha inapasuka na kufa. Mafuta yanayolainisha ngozi ni maiti za seli. Homoni za kubalehe zinaongeza uzalishaji, mdomo wa tezi unaziba kwa seli kavu, mafuta yanarundikana, bakteria wanapata makazi. Viganja na nyayo hazina tezi za mafuta kabisa, na hakuna aliyewahi kuota chunusi kiganjani. Waambie wanao wasiminye; ukuta wa tezi ukipasukia ndani, uvimbe unasambaa na kovu linabaki.

Darubini

Kwa wanaopenda majina: utoaji wa punje kwa punje bila seli kudhurika ni merokrini. Seli kufa nzima na kuwa mazao ni holokrini. Katikati kuna apokrini, ambapo ncha ya juu ya seli inakatika na kuondoka na mzigo. Tezi za kwapani ziliitwa apokrini zamani kwa kuwa zilionekana hivyo, ila sehemu kubwa ya utoaji wake ni merokrini. Jina lilishaota mizizi.

Seli ya titi ndiyo naipenda kuliko zote. Protini za maziwa zinatoka kwa vifuko, merokrini. Matone ya mafuta yanatoka yakiwa yamevikwa kipande cha utando wa seli, apokrini. Seli moja, wakati mmoja.

Na msisahau seli zinazoikumbatia asinasi kwa nje, zina uwezo wa kujikunja kama msuli. Mtoto akinyonya, neva za chuchu zinapeleka habari kwenye ubongo, homoni ya oksitosini inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, seli hizo zinakaza, maziwa yanasukumwa. Ndiyo maana maziwa mara nyingine hushuka mama akisikia tu mtoto analia.

Mzee wa Hoja

Maelezo mazuri, lakini nina hoja mbili. Mosi, mitoki hujaiweka popote. Ikivimba kwapani kila mtu anasema tezi. Pili, hiyo nadharia yako ya mlango, ipeleke kwenye tezi dume tuone.

FundiSeli

Shikamoo Mzee wetu. Mitoki haina epitheliamu iliyozama, haina mfereji, haitengenezi kitu cha kumwaga kwa ajili ya kazi fulani. Inachuja limfu, yaani majimaji yanayokusanywa kutoka kwenye tishu, na kuhifadhi seli za kinga. Ikivimba, aghalabu ni kwa sababu kuna maambukizi jirani na seli hizo zimeongezeka. Uvimbe wa kwapani na uvimbe wa thairoidi vinahitaji uchunguzi tofauti kabisa, ndiyo maana nang'ang'ania kutenganisha.

Tezi dume ni mkusanyiko wa vijitezi 30 hadi 50 vinavyomwaga ndani ya mrija wa mkojo, na tezi yenyewe imeuzunguka mrija huo pande zote. Umri ukienda, sehemu iliyo karibu na mrija ndiyo hukua zaidi, inaubana kutoka nje. Mkojo unakatika katika, mtu anaamka usiku mara kwa mara. Saratani kwa kawaida huanzia sehemu ya nje, mbali na mrija, kwa hiyo inaweza kukua muda mrefu bila kubana chochote. Mtu kukojoa vizuri si uthibitisho kwamba yuko salama. Hapo Mzee utanisamehe, nadhani nadharia imesimama.

Mzee wa Hoja

Marahaba. Imesimama. Lakini tezi za homoni hazina mlango, hapo utasema nini?

FundiSeli

Mlango wake ni damu, na damu inafika kila mahali. Kwa hiyo swali linahama: nani anasikia? Ni seli yenye kipokezi cha homoni hiyo pekee. Swali la pili ni akiba, na hapa tezi zinatofautiana sana.

Seli ya kisiwa cha kongosho inahifadhi insulini kwenye punje, tayari kwa kutoka. Sukari ikipanda kwenye damu inaingia ndani ya seli, inachomwa, nishati inayopatikana inafunga milango ya potasiamu, chaji ya utando inabadilika, milango ya kalisi inafunguka, punje zinamwagika. Ni dakika chache tu.

Gamba, yaani sehemu ya nje, la tezi za juu ya figo halina akiba ya maana. Homoni yake, kotisoli, inatengenezwa kutokana na kolesteroli amri ikifika, na kwa kuwa inayeyuka kwenye mafuta inapenya utando yenyewe, bila punje. Kiini cha tezi hiyohiyo, yaani sehemu yake ya katikati, kina asili ya neva, kinahifadhi adrenalini kwenye punje na kuiachia kwa sekunde.

Thairoidi ndiyo pekee inayoweka akiba kubwa nje ya seli. Seli zake zimezunguka dimbwi la majimaji mazito yaitwayo koloidi, homoni imefungwa humo, inatosha miezi 2 hadi 3. Mgonjwa ambaye thairoidi yake imezidisha kasi akianza dawa ya kuzuia utengenezaji, anakaa wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu kamili, maana ghala lilikuwa limejaa. Wengi hukata tamaa hapo na kuacha dawa.

Kinyonga7

Kwa nini basi insulini ni sindano na homoni ya thairoidi ni kidonge?

Darubini

Insulini ni protini, asidi amino 51. Ukiimeza, vile vimeng'enya vya kongosho alivyoeleza FundiSeli vinaikatakata. Thairoksini, yaani hiyo homoni ya thairoidi, ni molekuli ndogo, inapita utumbo salama. Ila inywewe tumbo likiwa tupu, vidonge vya chuma na vya kalisi vinaishika njiani, vitenganishwe kwa saa kama 4.

MamaPacha

La mwisho kwangu. Ndugu yangu alikuwa anatumia prednisolone muda mrefu, daktari akamkataza kabisa kuacha ghafla. Inahusiana na tezi?

FundiSeli

Moja kwa moja, dada. Prednisolone inafanana na kotisoli. Ubongo na pituitari vinapima kiasi kilicho kwenye damu. Vikiona kipo cha kutosha vinaacha kutuma ACTH, homoni inayoliamrisha gamba la tezi za juu ya figo. Gamba lisipopata amri kwa muda linasinyaa, na kama nilivyosema juu, akiba halina. Akiacha dawa siku moja, damu inabaki bila kotisoli yoyote ya maana, akipata maambukizi au ajali presha inaweza kuporomoka na maisha yakawa hatarini. Dozi inapunguzwa polepole ili pituitari ianze tena kutuma amri na gamba lijijenge, na hilo huchukua wiki hadi miezi. Ndugu yako afuate ratiba aliyopewa, na kokote atakakotibiwa, hasa kabla ya upasuaji, awaambie kwamba alikuwa kwenye dawa hiyo.